TANGA: BAADA YA KATANI TUNAUZA NINI?

Mlioniuliza nimepotelea wapi, nipo hapa hapa Tanga, sijaenda kokote, na leo ndo nataka tuongelee hilo hilo la kwenda na kutokwenda. Mwezi uliopita mshikaji wangu, tuliyekaa naye dawati moja mpaka kidato cha nne, kapanda basi la alfajiri kwenda Dar na begi moja na flashi yenye nyimbo kumi na moja. Ni mtu wa nne kutoka kijiwe chetu cha Makorora kuondoka ndani ya miaka miwili. Mmoja anahariri video, mmoja anachora, mmoja anaimba, huyu wa juzi anatengeneza midundo. Kijiwe kimebaki na mimi, fundi baiskeli na wazee wa bao.

Sasa kila nikiwasha redio nasikia "uchumi wa ubunifu". Waheshimiwa wamelipenda kweli hili neno. Vijana mna vipaji, sanaa ni ajira, jiajirini. Mimi sipingi, sanaa ni ajira. Ninachouliza ni ajira ya nani, na iko mji gani? Maana huku kwetu tunatoa vipaji kwa malori kama tulivyokuwa tunatoa mkonge, halafu sisi tunabaki na vumbi la lori.

Naanza mbali kidogo, mnivumilie. Kafe leo nimelipia masaa mawili.

Babu yangu alifanya kazi kiwanda cha mbolea. Kile kiwanda kilifunguliwa 1972, kikafungwa 1991, na babu akarudi nyumbani na ujuzi wake wa kutengeneza pampu ambao mpaka leo anautumia kwenye visima vya majirani. Kijana wa leo akisikia Tanga anafikiria machungwa, samaki na mambo ya mahaba (hilo jina la mahaba sijui tulipewa na nani, ila tumelikubali). Tanga ya babu ilikuwa ya ving'ora. Ukisikia king'ora unajua zamu ya kiwanda gani inaingia. Mbolea, chuma, sabuni, nguo za watoto wa shule zilinunuliwa kwa mshahara wa viwanda. Sisemi vyote vimekufa, saruji ipo, maziwa yapo, na bandari imefanyiwa ukarabati mkubwa wa shilingi bilioni 429. Lakini ukipita Gofu utaelewa. Mtaa unaitwa Gofu, na mwenye kujua Kiswahili anajua gofu maana yake nini. Sijui nani aliupa hilo jina, alikuwa nabii.

Na kabla ya viwanda kulikuwa na katani. Stori ya mkonge shuleni tulifundishwa kama hadithi: Mjerumani Richard Hindorf, mwaka 1893, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Hiyo 62 ndo ikazaa kila kitu. Mwaka huo huo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, mwaka 1911 ikafika Moshi. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa tani kama 230,000 za katani kwa mwaka, hakuna aliyetufikia duniani. Halafu kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa 1967, usimamizi ukalegea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi. Hiyo tunaijua wote. Kuna watu wanalaumu plastiki, wengine Azimio la Arusha. Wazee wa bao pale kijiweni wakianza huo ubishi hata kete wanasahau.

Mimi nachotaka mkione ni kingine. Hata siku zile za tani 230,000, mkonge ulikuwa unakatwa shambani, unapita korona (si ile ya 2020, korona ni kiwanda cha kusindika mkonge, wa mjini mtusamehe), unaanikwa, unafungwa robota, unapelekwa melini. Kamba ilisokotwa kwingine. Zulia lilifumwa kwingine. Mnaujua ule ubao wa duara Waingereza wanaorushia vishale wakiwa baa? Ule ni katani ya Afrika Mashariki, nyuzi zimekatwa fupi fupi zikabanwa pamoja. Mzungu anarusha kishale kwenye jasho la Muheza na hajui. Anayeuza singa analipwa kwa uzito, na anayeuza ubao analipwa kwa ubao.

Sasa angalieni sanaa yetu, mniambie kama si robota vile vile.

Miaka ya 1960 Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Hawa walibadilisha taarab. Badala ya ule msafara wa fidla na kanuni wa Unguja, wao waliweka gitaa la umeme, besi na ngoma za dansi, mwanamke mbele anaimba. Bi Shakila sauti yake imetokea huko, kabla hajahamia Dar. Mombasa wakaiga, pwani yote ikaiga. Lakini Tanzania wakati huo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, mwanamuziki akitaka santuri anavuka mpaka. Santuri za Tanga zikatoka Mombasa, kwenye lebo ya Mzuri ya wale Assanand. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ikazikusanya baadhi ikatoa albamu inaitwa Nyota, yaani taarab ya Tanga inauzwa Uingereza. Waliopiga magitaa walikuwa Ngamiani. Babu anayo kanda ya Lucky Star, ameikodi kutoka redioni kwa kidole chake mwenyewe akisubiri mtangazaji anyamaze. Kwa hiyo Tanga alichobaki nacho babu ni nakala ya nakala.

Twendeni kwenye dansi. Tulikuwa na Atomic Jazz, tulikuwa na Jamhuri Jazz. Wilson Kinyonga na mdogo wake George walipigia Jamhuri, 1970 wakaenda Arusha, mwaka uliofuata Mombasa, halafu Nairobi, na dunia ikawajua kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi likamegeka, ikazaliwa Les Wanyika. Leo ukikaa baa yoyote ya Nairobi Ijumaa usiku zinapigwa hizo ngoma na Mkenya anakwambia huu ni muziki wetu. Na si mwongo! Wao ndo waliorekodi, wao ndo waliouza, wao ndo waliolipa kodi ya ukumbi. Sisi tulichotoa ni vijana wawili na nauli.

Hata Shaaban Robert. Kazaliwa Vibambani, hapo tu nje ya mji, 1909, kafia Tanga 1962. Kusadikika kilichapwa na Nelson, kampuni ya Uingereza, 1951. Pambo la Lugha kilichapwa Johannesburg, chuo kikuu cha Witwatersrand. Mshairi mkubwa wa Kiswahili, na faida ya vitabu hivyo ilikwenda kwa mashine za mbali.

Nikisema hivi kuna mtu ataniambia zamani ilikuwa zamani, siku hizi kuna intaneti, unarekodi chumbani unapandisha, dunia nzima inasikia, haijalishi uko wapi. Nilikuwa naamini hivyo. Mpaka nilipofikiria habari ya King Majuto.

Mzee Majuto hakuhama. Hili ndo linalonikosesha usingizi. Alipata umaarufu nchi nzima, na nyumbani kwake kukabaki Donge, hapa hapa Tanga. Kila mtoto alimjua. Sura yake ilikuwa kwenye filamu zisizohesabika na kwenye matangazo. Alivyougua, 2018, ikabidi watu wachangishane. Ndo ikajulikana mikataba yake mingi ilikuwa ya ajabu, mpaka waziri wa wakati ule, Dk. Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Mzee akafariki tarehe 8 Agosti 2018. Kwa hiyo kumbe kubaki Tanga peke yake si dawa. Mtu anaweza kulala Donge kila usiku na kazi yake yote ikawa imeshaondoka kitambo, ipo kwenye karatasi aliyosaini bila kuisoma.

Hapo ndo nilipobadilika mawazo. Habari ya uchumi wa ubunifu siyo kipaji, na siyo mtandao. Ni nani anashika karatasi. Mkonge ulitufundisha hilo miaka mia nzima na tukafeli mtihani, sasa tunarudia darasa lile lile na nyimbo.

Mnataka namba? Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. COSOTA ikagawa mirabaha Januari 2022, kiasi cha shilingi milioni 312 hivi, kwa wanufaika 1,123. Gawanyeni wenyewe, simu zenu zina kikokotoo. Inakuja chini ya laki tatu kwa mtu, kwa wastani, na wastani mnaujua, kuna aliyebeba za wenzake kumi. Ni mwanzo, naupongeza, ni bora kuliko sifuri. Bajeti ya 2023 pia ikaleta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia kazi, wazo zuri tu. Lakini anayelipwa mirabaha ni mwenye kazi iliyosajiliwa kwa jina lake. Mshikaji wangu mwenye zile nyimbo kumi na moja, mbili alishaziuza. Mdundo mmoja shilingi 40,000, mkononi, hakuna karatasi. Ukipigwa redio miaka ishirini, yeye hayumo.

Na mimi nisijifanye mjanja. Mwaka juzi kuna kampuni moja, jina naliweka kapuni, ilikuwa na shughuli yao mjini, wakaniomba niwachoree bango. Nilikesha siku tatu hapa kafe. Wakanilipa fulana na maneno "tutakutangaza". Fulana yenyewe ilikuwa na jina lao, kwa hiyo niliyetangaza ni mimi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya miezi naliona bango langu lile lile Arusha, kwenye picha aliyoniwekea dada yangu, wamebadilisha tarehe tu.

Haya, baada ya kulia, tufanyeje? Hapa naomba niwavushe bahari kidogo, lakini nina sababu. Tanga ina mji dada Marekani, unaitwa Toledo, jimbo la Ohio. Urafiki huo rasmi una zaidi ya miaka ishirini sasa, ila ukiuliza watu kumi Ngamiani labda mmoja ataujua. Nilipoanza kusoma habari za Toledo niliona kama nasoma habari zetu, wamebadilisha tu mkonge wakaweka kioo.

Mwaka 1888 tajiri mmoja, Edward Libbey, alihamishia kiwanda chake cha vioo Toledo, na mji ukaja kuitwa Mji wa Kioo. Baadaye yakaja magari. Halafu nao wakapigwa na yale yaliyopiga miji ya viwanda ya kule, kazi zikahama, watu wakahama. Sensa ya 1970 walikuwa 383,000 na ushee. Sensa ya 2020 wamebaki 270,000 na kitu. Sisi Tanga jiji letu 2012 tulikuwa 273,332, na tunaongezeka. Yaani wao wameshuka mpaka pale tulipokuwa sisi tukipanda.

Lakini wao walifanya kitu kimoja. Libbey hakuondoka na hela zote. Mwaka 1901 alianzisha makumbusho ya sanaa, mpaka leo unaingia bure. Mwaka 1962, kwenye gereji katika uwanja wa makumbusho hayo, mfinyanzi anaitwa Harvey Littleton alikusanya wenzake wajaribu kitu ambacho wakati ule kilionekana wazimu: msanii ayeyushe kioo mwenyewe, na tanuri dogo, bila kiwanda. Siku za mwanzo walishindwa, kioo hakikuyeyuka inavyotakiwa. Aliyewaokoa ni Dominick Labino, mtaalamu wa viwandani, mtu wa nyuzi za kioo. Yeye alijua kioo gani kinayeyuka vipi, akawaletea kile kinachofaa na kuwarekebishia tanuri. Kuanzia hapo sanaa ya kioo ikasambaa Marekani na kwingineko, na mwaka 2006 makumbusho yakajenga jumba zima la kioo kwa ajili ya hiyo kazi, tanuri liko ndani, watu wanatazama.

Msome hiyo sehemu ya Labino mara mbili. Wasanii walikuwa na wazo, aliyekuwa na ujuzi ni mtu wa kiwandani. Sasa mimi nikitoka hapa kafe namkuta babu yangu, fundi pampu wa kiwanda cha mbolea. Nikienda mtaa wa pili kuna mzee aliyekuwa korona miaka thelathini, anaishika katani gizani anakwambia daraja lake. Hawa ndo akina Labino wetu na tunawapita tu, "shikamoo babu," "marahaba," tunakwenda zetu kutafuta kipaji kwenye simu.

Na nisiwadanganye, Toledo haijafufuka kwa sababu ya glasi za maua. Idadi ya watu imeendelea kushuka hata baada ya lile jumba. Sanaa haijarudisha mishahara ya kiwandani, na mtu akikwambia uchumi wa ubunifu utachukua nafasi ya viwanda, mwambie akupe mfano. Ila Toledo waliamua kile kilichoujenga mji kisiondoke chote. Jina Mji wa Kioo bado linawaingizia kitu, na ni wao wanaolimiliki.

Kwetu yupo mtu ambaye tayari anafanya hivyo na hakuna hata semina moja inayomtaja: fundi jipsamu. Mnajua ile mikanda na maua ya dari, nyumba zote mpya sasa hivi? Ile ni jipsamu imechanganywa na katani, nyuzi ndo zinaishika isipasuke. Kijana anachonga umbo mwenyewe, anatengeneza kalibu, anamwaga, anaweka katani, anauza kwa mita. Huyo ni mchongaji kama mchongaji mwingine. Analipwa kwa ua, halipwi kwa kilo ya katani. Anabuni hapa, anatengenezea hapa, mteja ni mwenye nyumba wa hapa, hela inalala hapa. Ukimwambia yeye ni msanii atakucheka, ataona unataka kumpunguzia bei.

Wenzetu Kenya kina mama wanasuka vyondo vya katani tangu enzi, wakajenga biashara mpaka ng'ambo. Zanzibar, ambako tunasema ni jirani tu, ZIFF ipo tangu miaka ya 1990, Sauti za Busara ilianza 2004, na wakafungua na chuo cha muziki, kile cha DCMA, mtoto anakwenda kujifunza udi na kanuni na mwalimu wake ni mzee aliyepiga kwenye vikundi. Wakati mwingine wanapata shida ya fedha na wao, najua. Lakini mtalii akitaka taarab anajua apande boti ya wapi. Taarab ya magitaa ya Tanga atakwenda kuitafuta wapi? Kwenye kanda ya babu?

Nilijaribu mwaka jana, na vijana wenzangu wanne, tukaunda kikundi. Mnajua ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi na utaratibu mpya. Tukaandika mradi: vyombo vya kurekodia, chumba kimoja, turekodi wazee wa taarab wangali hai, tusajili, tuuze. Tukapita ofisi moja ya mikopo, sitaitaja, kuulizia kwanza. Ofisa akasoma, akatuangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Vijana wangu, kuku hamuwezi?" Sikumchukia. Kuku anaonekana. Kuku akifa unaona mzoga. Sauti utaiweka dhamana vipi? Hapo ndo tunarudi kwenye karatasi ile ile: kama kazi imesajiliwa na ina mkataba, inapaswa kuwa mali kama mashine ya kusaga. Mpaka ofisa mkopo aione hivyo, tutafuga kuku.

Na hata sisi tunaoandika. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ombi la leseni laki moja, leseni milioni moja, kila mwaka milioni nyingine. Ada ilikuja kushushwa baadaye, lakini vijana wengi walishafunga duka. Huwezi kusema unataka uchumi wa ubunifu halafu mlangoni unadai kiingilio cha bei ya pikipiki.

Kuna nafasi ambayo ikitupita hii sijui itarudi lini. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa kwetu. Bandari imechimbwa. Wageni wanakuja, ofisi zinafunguliwa, na kila ofisi inahitaji bango, video, sare, pambo la ukutani, bendi ya kufungua hafla, mtu wa kutafsiri. Hizo ni kazi za ubunifu, siyo za mafuta. Na kazi za namna hii nimeona zikija na watu wake kutoka Dar kwenye gari, wanapiga picha, wanakula samaki, wanaondoka. Waja leo waondoka leo, msemo wetu wenyewe unatugeukia. Mhandisi wa bomba hatunaye mtaani, sawa, tukubali. Lakini mchora bango hatunaye? Kama kwenye mikataba ya ujenzi kunakuwa na kipengele cha saruji na chakula kununuliwa kwa wenyeji, kwa nini kisiwepo cha picha na sauti? Madiwani wetu wanaweza kuliuliza hilo bila kusubiri mfadhili. Halina hata gharama ya chai.

Halafu maghala. Yako yamekaa tupu, popo wanaingia bure. Ghala moja tu, siyo kumi, umeme wa uhakika, chumba cha kurekodia, meza za kuchora, kona ya fundi jipsamu na ya wasuka katani, na dawati moja la mtu anayejua kusoma mkataba, akae pale Jumanne na Alhamisi. Huyo wa dawati mimi namuona muhimu kuliko spika. Boma la zamani la Mjerumani lilikarabatiwa likawa makumbusho ya Urithi, kwa hiyo kukarabati tunaweza. Ila naomba tusikarabati tena kwa ajili ya kuangalia tu picha za zamani. Picha za zamani tunazo.

Kuna wadau watasema huyu dogo ana wivu na waliokwenda Dar. Wivu ninao, nakiri. Mwana FA ametokea Muheza, akafika mpaka bungeni 2020, na Februari 2023 akateuliwa naibu waziri wa wizara hiyo hiyo ya sanaa. Wagosi wa Kaya walipotoa Tanga Kunani mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wanauliza swali hili hili ninalouliza mimi na tukacheza tu. Simlaumu mtu kwa kuondoka. Mtu mwenye njaa haambiwi alinde urithi. Nachosema ni kwamba mji ambao kila anayejua kitu lazima auache ndo uweze kumlipa, ule ni shamba, na sisi ni singa.

Mshikaji wangu kanitumia ujumbe juzi usiku. Kapata kijistudio Sinza, analala hapo hapo chini ya meza ya kuchanganyia sauti. Kaniambia kuna jamaa anataka mdundo wake wa tatu, anatoa 60,000, haraka, aseme ndiyo au hapana. Akaniuliza mgosi nifanyeje. Nimemwambia aandike karatasi, hata ya daftari, jina lake, tarehe, asilimia, wasaini wote wawili, apige picha. Akanijibu, "Akikataa je?" Sijamjibu bado.

Nilichomjibu ni kingine, kwamba nimeanza kurekodi wazee kwa simu. Nimeshapata wawili, mmoja alipiga bongo kwenye taarab, mmoja mama aliyekuwa akiitikia. Kabla ya kuwasha simu nimeandika karatasi: sauti ni yake, nakala ninayo, ikiuzwa tunagawana nusu kwa nusu. Yule mama kaisoma yote polepole, miwani imefungwa kwa uzi, akaniambia maisha yake yote ya kuimba hii ndo karatasi ya kwanza kupewa.

Kwa hiyo mlioko Mombasa, Muscat, Dar, popote: kama nyumbani kwenu kuna santuri ya Black Star au Lucky Star yenye lebo ya Mzuri, msiitupe, na nawaomba mpige picha pale katikati palipoandikwa majina ya watunzi, muiweke hapo chini. Nataka majina. Dakika zangu zimebaki nne na jamaa wa kafe ameshaanza kuniangalia.